Ukuta wa Bibi Nilioupeleka Biharamulo

Mmeniuliza wengi, tuseme jumuiya nzima, na kila mmoja nimemjibu kipande tu. Adventina nilimpa habari za basi, mama Fausta nikampa za chakula, na kwa wengine niliitikia tu kwamba nimerudi salama. Sasa nimekaa na daftari langu niandike yote yalivyofuatana, myasome Alhamisi baada ya rozari, asije mtu akasema nilimficha. Mimi ni wa darasa la saba na mkono wangu umezoea udongo kuliko kalamu, kwa hiyo nikirudia neno mnivumilie. Na pale ambapo sina uhakika nitasema sina.

Jambo lenyewe mnalijua. Marehemu mama yangu Leokadia alikuwa akisema kwamba mama yake, yaani bibi yangu, alitoka Rusubi, upande wa Biharamulo, na kwamba alipokuwa msichana alikuwa mmoja wa wanawake waliosiriba kikale, makao ya mkama, yaani mfalme wa huko. Si kusiriba kwa kawaida. Ndani ya nyumba ile, alisema, kuta zilikuwa na michoro iliyoinuliwa kwa samadi na majivu, unaweza kuifuata kwa kidole ukiwa umefumba macho. Mkama alipofariki makao yaliachwa, kama desturi yao ilivyotaka, na baadaye yakaungua. Bibi akaokota kipande kimoja cha ukuta, akaja nacho huku Bugarama alipoolewa.

Hakuna aliyemwamini. Mlimwita Leokadia wa Kikale, na kwa sababu alitumia mkono wa kushoto mkamwita pia Mashoto. Siwalaumu, maana na mimi nilikuwemo. Mwaka mmoja tulikuwa tunasiriba nyumba ya katekista, wanawake kama kumi, mama akaanza tena habari za kikale, nikamwambia mbele ya watu, "Mama, acha basi, unatutia aibu." Akaacha. Tangu siku ile hadi anafariki, wiki chache kabla ya Pasaka, hakulitaja tena neno hilo nyumbani kwangu.

Kwa hiyo katekista alipokuja kuniambia amesikia redioni kwamba wataalamu wa mambo ya kale wanafukua kikale cha zamani Biharamulo, na wanaomba mwenye habari zake ajitokeze, nilikitoa kile kipande chini ya kitanda cha mama. Nilitaka mtu anayejua anitamkie kwamba Leokadia hakudanganya. Kingine sikutaka.

Bugarama hadi Ngara mjini

Niliondoka asubuhi, ukungu ukiwa bado umekaa mabondeni. Kipande nilikifunga kwenye kitenge cha mama, halafu kwenye taulo, nikakipakata. Kwa ambao hamjawahi kukiona, ni kama sinia dogo kwa ukubwa, unene wa vidole vitatu, kimeiva kwa ule moto kama tofali. Nyuma kina alama za matete. Mbele kina vituta vinavyopanda na kushuka kama meno ya msumeno, na pembezoni kimevunjika ovyo, kama mkate uliomegwa.

Kijana wa bodaboda aliuliza kama ni keki. Nikaona kueleza ni kazi, nikasema ndiyo. Huo ndio uongo wa kwanza wa safari na nauandika. Aliendesha polepole milima yote ile, akikwepa kila shimo, na pale stendi Ngara akanitakia harusi njema. Niliona haya kiasi kwamba sikumuuliza jina.

Basi lilikaa stendi likisubiri abiria hadi jua lilipopanda. Nilikunywa chai na chapati iliyolala. Mama mmoja wa ndizi alinisalimia Kihangaza, akauliza naenda kwa nani. Nikamwambia siendi kwa mtu. Alinitazama kidogo, akaniongezea ndizi moja. Nilitoa simu niseme nimefika Ngara. Namba iliyokuwa ya kwanza kabisa ilikuwa ya mama. Nikairudisha mfukoni.

Ngara hadi njia panda niliyoipita

Ilinipasa kushuka Lusahunga, njia panda ya kwenda Biharamulo. Konda nilimwambia, naye akakubali. Nasema hili kwa haki yake, maana nilipowasimulia wengine nilimtupia yeye lawama.

Kilichotokea ni kwamba baada ya kupishana na malori kadhaa, barabara ilikuwa na viraka, basi likawa linaruka. Nikahisi kitu kama mchanga kwenye mapaja. Kufungua kitenge, nikakuta ukingo umemeguka, chembe nyekundu zimejaa kwenye taulo, na kipande kimoja kidogo kama ukucha kimetoka. Nikaanza kuokota. Nilisikia neno Lusahunga likitajwa, tena nadhani mara mbili. Lakini nilikuwa nimeinama chini ya kiti natafuta ule ukucha, ambao hata sikuupata, na jirani yangu alikuwa amelala. Nilipoinua kichwa, njia panda ilikuwa nyuma. Nikaona haya kumsimamisha dereva kwa kosa langu. Nikakaa kimya mpaka Nyakanazi.

Nyakanazi

Basi la kurudi upande wa Biharamulo lilikuwa limekwishapita na mvua ilikuwa inakuja, kwa hiyo ikabidi nilale. Nyakanazi kila mtu anakwenda mahali. Malori yanaelekea huku na kule, watu wanakula wamesimama, na hakuna anayekuuliza umetoka wapi kwa sababu kesho hutakuwepo. Nilikula wali na samaki kwenye kibanda, kipande nikiwa nimekiweka juu ya meza ili nisikikanyage.

Mwanamume mmoja wa meza ya pili, amevaa kofia ya sufu, alikuwa anakitazama hicho kifurushi kwa muda. Akahamia kwangu. Akasalimia vizuri, akauliza kwa sauti ya chini kama jiwe lile nimelitoa shimo gani. Kumbe alikuwa mtu wa machimbo ya dhahabu. Nikamwambia si jiwe.

"Mama, usiniogope. Mimi nalilipa hapa hapa, sikuzungushi."

"Ni ukuta, baba."

"Ukuta?"

"Ukuta wa bibi yangu."

Nikamfungulia kidogo aone, labda aondoke. Alilowesha kidole kwa mate, akapaka kwenye ukingo, akakiinua kipande kielekee mwanga, akatikisa kichwa kama daktari. Halafu akacheka, si kwa ubaya. "Watu wanasafiri na mikeka, na kuku, wewe umesafiri na ukuta." Akaniagizia soda, akarudi kwenye meza yake. Ndiye mtu niliyezungumza naye zaidi siku ile.

Chumbani, kabla jua halijazama, nilikifungua kipande chote juu ya kitanda. Sasa hapa ndipo naomba msome taratibu.

Ninyi ni wasiribaji wenzangu, mnajua. Mgeni akija, hata kama ni kwa saa moja, sakafu inapakwa upya. Ukuta ukimeguka, huuachi hivyo mbele ya watu. Na ukuta wa zamani na udongo mpya havishikani mpaka umeukwaruza ule wa zamani ukawa sawa, ukawa na mikwaruzo. Mimi nimefanya hivyo tangu nina miaka minane. Nilikitazama kile kipande chenye pembe zilizomegeka, nikafikiri, kesho natua mbele ya wasomi, nimebeba jina la mama yangu, na kitu chenyewe kiko hivi. Nilihisi kama nimempeleka yeye mwenyewe bila kumchana nywele.

Nikatoka nyuma ya gesti. Udongo wa pale ni mwekundu na mzuri. Ng'ombe walikuwa wamepita, samadi ilikuwepo. Nikaomba majivu kwa mpishi. Nikachukua kisu changu cha matunda, nikaukwaruza ukingo pande zote nne mpaka ukanyooka, nikaupaka udongo, nikausawazisha kwa kidole chenye maji. Vituta vya mbele sikuvigusa. Ulipokauka kidogo kilikuwa kizuri, mraba, kama fremu ya picha ya mtakatifu. Daftari langu la siku ile linasema, "Nimekitengeneza. Mama angefurahi." Sijaifuta sentensi hiyo.

Nyakanazi hadi kijiji ambacho sitakitaja

Asubuhi nilipata gari ndogo hadi Biharamulo, kutoka hapo pikipiki. Jina la kijiji siandiki kwa sababu niliombwa. Huko kuna watu wanaochimba usiku na mchana wakitafuta mali iliyofukiwa na Wajerumani, na wakisikia mahali wanafukua, wanakuja na sururu.

Niliyemkuta wa kwanza alikuwa mama Tatu, mpishi wa wale wataalamu, Msubi, mwenyeji wa hapo hapo, amejitanda ushungi, anakoroga ugali wa muhogo kwa mwiko mrefu. Alikuwa mkubwa kwangu, nikamwamkia shikamoo. Akaitikia, akauliza nimeleta nini. Nilipomweleza akaacha kukoroga.

"Kwa hiyo ni nyinyi Wahangaza mliotuibia ukuta."

"Si sisi. Ni bibi yangu, naye alikuwa wenu."

"Ndiyo mwizi mbaya zaidi huyo, wa ndani." Akacheka, akanisogezea kigoda. Halafu akasema, bila kucheka sasa, kwamba wazee wao walikataza kabisa. Kitu cha kikale hakitoki. Mkama akifa, nyumba inaachwa na kila kilichomo, hata chungu. Nikaanza kufikiri labda ndiyo sababu mama hakuwahi kukileta hadharani. Labda hakuogopa kuchekwa tu. Hili sina uhakika nalo, ni wazo lililonijia nikiwa nimekaa kwenye kigoda.

Meza ya mchanga

Mkuu wao ni mwanamke, Dokta Winfrida, mdogo kwangu, ana mikono yenye vumbi mpaka viwikoni. Alinisalimia shikamoo, akanionyesha kila kitu kabla hajauliza nilichobeba. Kikale chenyewe sasa ni shamba la muhogo. Mashimo yao yamenyooka kama makaburi ya watoto. Kwenye moja, chini kabisa, unaona duara la nyumba, na ukingoni mwake mguu wa ukuta, kimo cha kiganja, ukiwa bado umesimama. Una vituta. Nilipiga magoti pale muda mrefu. Ulikuwa kama ukuta wowote wa kwetu uliobomoka, lakini nilishindwa kuondoka.

Ndani ya hema kuna meza yenye mchanga. Vipande vilivyookotwa vimesimamishwa humo, kimoja karibu na kingine, vingine vimekwisha kuunganishwa. Meno ya msumeno yanakwenda, yanakwenda, halafu panakuwa na pengo. Nilifungua kitenge.

 Dokta Winfrida alikibeba kwa mikono miwili, akakipeleka kwenye pengo. Meno ya mbele yalikutana na ya pale mezani.  Kisha akakisogeza kishike, na hakikushika. Kilikaa tu, kama mgeni aliyepewa kiti kisicho chake. Akakigeuza. Akapitisha kidole pembeni.

"Mama, ukingo huu nani ameukata?"

"Mimi."

"Lini?"

"Jana."

Nikamweleza basi, habari za basi kuruka, na udongo, na kisu. Alisikiliza mpaka mwisho. Akanieleza taratibu, wala hakupandisha sauti, kwamba michoro hawaiamini sana, kwa kuwa nyumba nyingi za zamani zilifanana michoro. Wanachoamini ni pale palipovunjika. Vitu viwili vilivyovunjika pamoja vinashikana kama meno ya juu na ya chini, na havishikani na kingine chochote duniani. "Udongo wako tungeuosha ukatoka. Kilichokwaruzwa hakirudi." Akatoka nje ya hema, akaenda kunawa mikono, akanawa kwa muda mrefu.

Nilibaki peke yangu na ile meza.  Mama alikitunza miaka yote ile chini ya kitanda, mvua, panya, watu wanamcheka, na hakuwahi kukigusa kwa kisu. Mimi nilikaa nacho siku mbili.

Mama Tatu alileta chai, na nadhani alikuwa amesikia yote, maana alisema kwa sauti ya kufika nje, "Angekileta kimemegeka tungesema Mhangaza hana adabu. Kakileta kimenyooka, kosa. Mwanamke wa kwetu angefanya lipi?"  Akaniwekea kikombe, akanishika bega, akarudi jikoni.

Kwa kuwa sikuwa na la kufanya nilivitazama vile vya mezani. Nilivitazama kama fundi. Na hapo niliona jambo ambalo ningeliona tangu mwanzo kama nisingekuwa nafikiria habari zangu. Tuta la samadi linabanwa kwa kidole gumba upande mmoja na vidole viwili upande mwingine, na kwa hiyo linalala kidogo, kama mwandiko. La mkono wa kulia linalalia huku, la mkono wa kushoto linalalia kule. Nikiwa mtoto nilikuwa nikimfuata mama ukutani na vituta vyetu vilikuwa havipatani kamwe, mahali anapoishia yeye na ninapoanzia mimi panaonekana kama watu wawili wamegeukiana mgongo. Pale mezani vilikuwepo vya aina mbili. Vingi vya kulia. Vichache vya kushoto. Cha bibi kilikuwa cha kushoto.

Dokta aliporudi nikamwonyesha. Aliinama, akachukua taa, akamulika kutoka pembeni. Akaniuliza swali la maana sana, kwamba kipande kikigeuzwa juu chini si kitalala upande mwingine? Nikamwambia hapana shida, udongo mbichi hushuka kabla ya kukauka, tumbo la tuta daima liko chini, pima kwa kidole. Akapima kimoja kimoja. Muda ule sikuogopa kitu. Tuliendelea hadi ugali ulipopoa, na mama Tatu akaja kutugombeza wote wawili.

"Kwa hiyo palikuwa na mwanamke wa shoto humu ndani," akasema Dokta Winfrida. "Hilo hatukulijua."

"Mama yangu alikuwa wa shoto. Alisema na bibi pia."

Alinitazama, nikaona anataka kunipa lile neno nililolifuata. Nikamwahi. Nikasema wenye shoto ni wengi, hata Bugarama wapo wanne ninaowajua. Akasema ni kweli. Nadhani alishukuru kwamba nilisema mimi.

Ana kadi ndogo anazoandika kwa kila kipande. Aliniuliza aandike jina gani la fundi. Ninyi mnajua jina la bibi yangu, na nilikuwa nalo mdomoni. Nikasema, "Andika hajulikani." Akaandika hivyo. Chini yake akaandika, mkono wa kushoto. Chini yake, kimeletwa na. Hapo nikamwomba asiandike jina langu tu. Kadi inasema kimeletwa na Spesioza, binti wa Leokadia wa Bugarama. Hilo jina liko pale, na ni la kweli lote.

Nilikiacha. Kitu cha kikale hakitoki, na kilichotoka kilikuwa kimerudi.

Kurudi

Safari hii Lusahunga niliiona vizuri. Nilishuka hapo, nikangoja basi la Ngara kwenye kivuli cha duka, kitenge cha mama nimekikunja mapajani. Mikono ilikuwa inakitafuta kile kipande kila basi linaporuka, kama mtu anavyotafuta kitu usingizini. Ndani ya kitenge kulikuwa bado na chembe nyekundu. Sijakifua.

Pale stendi Ngara kijana wa bodaboda alikuwa yule yule. Akauliza harusi ilikuwaje, na keki ilifika nzima? Nikamwambia, "Haikuwa keki, mwanangu. Ulikuwa ukuta. Nisamehe." Tulivuka daraja. Ndipo akageuza kichwa kidogo, "Ungeniambia, ningeenda polepole zaidi."

Sasa jibu lenu. Mnaniuliza kama Leokadia alisema kweli. Ninachoweza kuwaambia ni kwamba kikale kipo, michoro iliyoinuliwa ipo, na ndani yake alisiriba mwanamke wa mkono wa kushoto. Kama alikuwa bibi yangu, ukingo ungesema, na ukingo niliukwaruza mimi. Msiseme imethibitika. Lakini mimi namwamini, na ningependa kumwambia hivyo mbele ya wale wanawake kumi.

Chumba chake kimemeguka karibu na dirisha, mnapajua, pale ambapo vituta vyake vinaishia. Jana nilichanganya udongo, nikachukua kisu. Nilikaa pale hadi udongo ukaanza kukauka kwenye beseni. Nikaurudisha shambani. Akija mgeni ataona pamevunjika.